Mlio wa Nyumba ya Bi Mwajuma

Haya nilisimuliwa na Rahma mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yangu, mwaka jana baridi ilipokuwa inaanza kulegea. Alishuka hapa kwangu Mgwashi na kikapu cha iliki, akalala. Tulikuwa tunachambua maharage jioni ile, mara akaanza kusema bila kuulizwa, kama mtu anayejitoa mwiba. Nayaandika alivyoyatoa, ila pale alipokuwa analia nimepanyoosha kidogo ili msomaji apite.

Rahma ni mzaliwa wa Lukozi, na Lukozi ni kweupe. Karoti na kabichi zimepanda mpaka mgongoni mwa kilima, pikipiki zinanguruma mlangoni, ukikohoa jirani anakwambia pole. Akaolewa Kwemsambia, na Kwemsambia ndiyo mwisho wa njia. Ukipita nyumba ya mwisho kuna iliki, ukipita iliki kuna msitu, ukipita msitu kuna msitu. Jua likifika pale limeshachoka. Nguo unaanika leo, kesho kutwa bado unaipapasa. Simu inashika mtandao juu ya jiwe moja tu, na wanawake wanapanga foleni hapo kama kisimani. Miaka ya mwanzo alilia. Baadaye akamzaa Husna, akazoea, au alidhani amezoea.

Mumewe, Twaha, muda mwingi yuko Mombo anapakia mboga kwenye malori. Nyumbani wanabaki watatu: Rahma, Husna, na mama mkwe, Bi Mwajuma. Bi Mwajuma ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye pumu. Miezi ya ukungu ikija, kifua chake kinapiga filimbi usiku na mchana.

Sasa kule Kwemsambia wana jambo lao. Msituni jina la mtu haliitwi. Kila nyumba ina mlio wake. Ukipotelewa na mtu wako huko ndani, unapiga mlio wa nyumba, naye akiusikia hatoki alipo. Anasimama palepale na kuujibu, wewe ndiye unayemfuata. Lakini akisikia jina lake linaitwa katikati ya miti, hata kwa sauti ya mama yake mzazi, anafunga mdomo na kujificha. Watoto wa kule wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Rahma alipokuwa bibi harusi, Bi Mwajuma alimpeleka nyuma ya nyumba, ukingoni mwa iliki, akaweka viganja mdomoni akampigia mlio. Rahma, msichana wa Lukozi, akajifunika kanga usoni kwa kucheka.

"Mama nisamehe," alisema. "Sisi kwetu mtu tukimtaka tunampigia simu."

Bi Mwajuma akashusha viganja. Hakukasirika. Akasema, "Haya mkwe wangu, siku utakayoutaka utanikuta hapa." Hakurudia tena. Husna alipokua, ndiye aliyefundishwa. Rahma akiwa uani anaosha vyombo, alikuwa anawasikia bibi na mjukuu jikoni wakihuhuiana, na mara moja moja alipaza sauti: "Mama, jamani, mnamfundisha mtoto kulia kama bundi!" Nao wanacheka, halafu wanaendelea chini chini.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kuni. Msitu ule ni wa serikali, wanawake wanaruhusiwa kuingia siku maalumu tu, kuokota kuni kavu, bila panga. Ukikosa siku hiyo utapikia moshi mpaka nyingine. Kwa hiyo ukungu uwepo usiwepo, watu wanaingia.

Husna, ambaye alikuwa anangoja Januari aanze darasa la kwanza, alishashika kikamba chake mlangoni.

"Mwache mtoto leo," Bi Mwajuma alisema akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. "Ukungu umelala bondeni. Ukiamka utapanda wote kwa pamoja."

"Mama, anakaa na moshi kutwa. Acha anyooshe miguu."

"Ndiyo. Miguu itanyooka."

Husna akambusu bibi yake mkononi, wakaenda.

Walikuwa wanawake kama saba. Aliyekuwa karibu na Rahma ni jirani yake Yudith, Mlutheri, mwimba kwaya, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki. Njia nzima alikuwa anamtania: "Rahma, umebeba kamba ndefu hivyo, unakwenda kufunga kuni au kumfunga Twaha asirudi tena Mombo?" Wanacheka, wanapanda. Chini ya miti kulikuwa na giza la kijani na maji yalikuwa yanadondoka ingawa mvua haikunyesha.

Huko juu kuna gogo la mti wa mkulo lililoanguka, refu kama nyumba, ndipo wanawake wanapotua mizigo. Rahma alimkalisha Husna juu ya gogo lile, akamvika kanga yake ya pili.

"Kaa hapa na kuni zetu. Usishuke. Naenda pale tu, nikuone unione."

"Kuna mashimo, mama."

"Ndiyo maana nakwambia usishuke."

Mashimo yenyewe ni ya wapasua mbao wa zamani. Walikuwa wanachimba shimo linalommeza mtu mzima, mmoja anasimama chini, mmoja juu, gogo katikati, wanavuta msumeno. Watu wale walishaondoka, mashimo yakabaki. Yamejaa maji meusi na majani yamelala juu yake, unaona ardhi, kumbe si ardhi.

Rahma alikwenda pale tu, kweli. Aliona tawi kavu zuri, akalivuta, likagoma, akaliinamia. Aliponyanyua kichwa hakukuwa na gogo. Hakukuwa na miti. Ukungu ulikuwa umepanda wote kwa pamoja, kama mtu aliyefunika chungu. Akanyoosha mkono mbele, akauona mpaka kiwiko.

Na alichofanya hapo ndicho mzazi yeyote wa Lukozi angefanya. Alipaza sauti: "Husna!"

Kimya.

"Husna! Husna, mwanangu!"

Alirudi akipapasa, akajigonga kwenye gogo, akalipapasa urefu wake wote. Kuni zipo. Kikamba cha mtoto kipo. Mtoto hayupo. Rahma alinieleza kwamba wakati ule masikio yake yaliziba kabisa, akawa anasikia moyo wake tu. Akapiga kelele, si jina tena, kelele tu, na wale wengine wakaja wakishikana kanga wasipotezane.

"Nini? Nyoka?" Yudith alikuwa anahema.

"Husna. Nilimwacha hapa."

Basi wote wakaanza. Wengine walikuwa wageni walioolewa pale kama Rahma, wengine wenyeji waliochanganyikiwa, na hofu ya mmoja iliwaingia wote. Husnaaa! Husnaaa! Jina likaenda kushoto, likarudi kutoka kulia. Ng'ambo kule juu kuna jabali, na jabali lile linarudisha kila unachokitupa. Ikawa kama msitu mzima una watu wanaomwita mtoto mmoja. Na kila walipoita, hakuna kilichojibu ila maji yanayodondoka.

Rahma akachukua fito, akaanza kuchoma chini mbele yake. Fito ikizama anapiga magoti, anatia mkono kwenye maji mpaka begani. Shimo la kwanza alitoa matope. La pili akashika kitambaa. Aliniambia, "Mama mdogo, pale nilikufa." Akavuta. Lilikuwa gunia bovu la wapasua mbao.

Halafu perere akalia. Mnyama yule ni mdogo, haogopwi na mtu mchana, na kwa kawaida hulia usiku, ila siku ya ukungu mzito anadanganyika. Anaanza kama mlango mkavu unafunguliwa, anamalizia kama mtu anayenyongwa. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti.

Ndipo Yudith akasema, "Subirini. Nyamazeni jamani, tunafanya nini sisi? Tunaita jina! Rahma, piga mlio wa nyumba yenu."

Rahma alikaza fito mkononi.

"Piga mlio, mwenzangu. Mjukuu wa Bi Mwajuma yule, jina hataitika hata umwite mpaka Krismasi. Piga!"

"Siujui," Rahma alisema.

Yudith alishusha sauti, na huyo ni mtu ambaye hata kanisani mchungaji humwangalia ili anyamaze. Akasema polepole, "Huujui? Miaka yote hiyo?"

"Upige wewe basi! Unaujua, unausikia kila siku!"

"Nausikia ng'ambo ya ua. Kila nyumba inauvunja mlio wake mahali inapojua yenyewe. Nikikosea, atajua ni mtu wa nje." Lakini hakuweza kuvumilia ule uso wa Rahma. Akaweka viganja mdomoni akajaribu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kwaya. Walisikiliza. Maji, majani, basi.

"Nimekosea," Yudith alisema. "Nenda nyumbani. Mwenye mlio yuko nyumbani."

"Nimwache mwanangu huku?"

"Sisi tupo. Hatutaita tena, hatutatembea tukamkanyagia njia. Kimbia, dada yangu. Baridi hii mtoto hataiweza mpaka kesho."

Rahma alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kufanya jambo gumu kama kuupa mgongo msitu ule. Kila hatua ya kushuka aliona anamzika mwanawe kwa mguu wake. Alianguka, kiatu kikabaki, akaenda na kimoja, kisha akakitupa na hicho. Iliki zikampiga usoni. Alifika mlangoni, akausukuma kwa bega.

Bi Mwajuma alikuwa amelala kitandani, pumzi inampiga filimbi. Akamtazama mkwewe: matope mpaka kifuani, peku, mikono mitupu.

"Yuko wapi?"

"Mama, nimemwita."

"Umemwita kwa jina."

"Nimemwita kwa jina, mama. Wote tumemwita."

Bi Mwajuma akafumba macho. Alitaka kuinuka, kifua kikambana, akarudi chini. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu," alisema, na maneno yakawa yanatoka moja moja, "Mariamu. Mama alimwita kwa jina, siku kama hii. Jabali likarudisha sauti. Mtoto akamkimbilia mama yake… upande wa jabali." Akapumua. "Tulimwokota chini. Kwa hiyo Husna hatakimbia. Husna amejificha. Kila mlivyoita amejificha zaidi."

"Nifundishe, mama. Nifundishe, nakuomba."

"Sina pumzi ya kuupiga. Shika hapa." Akauchukua mkono wa Rahma, akauweka kwenye ubao wa kitanda, na kidole chake kikavu kikaanza kugonga. "Mmoja mrefu, utoke tumboni, si kooni. Halafu unyamaze. Unyamaze kama mtu anayemeza uchungu, mpaka uone umekawia. Halafu miwili mifupi. Naye atajibu miwili mifupi. Wa nje wote wanaharakisha pale kati. Sisi hatuharakishi."

Rahma akajaribu. Ikatoka kama kuku aliyebanwa mlangoni. Siku ya harusi alikuwa ameicheka sauti ile, leo ilikuwa inamkataa.

"Tena," Bi Mwajuma alisema, akagonga.

"Mama, muda unakwenda!"

"Huo ndio uharaka ninaokwambia. Tena."

Akajaribu tena, na tena, mpaka kidole cha bibi na koo lake vikapatana. Bi Mwajuma akauachia mkono. Akasema, "Huko juu wanyamazishe wote. Na ukimpata, usimgombeze kwa kutoitika."

Akapanda tena. Mwanga ulikuwa umeanza kugeuka kijivu, na ukungu sasa ulikuwa na uzito wa maji. Alikuta wanawake wamekaa juu ya gogo wamebanana kama kuku, Yudith katikati anasali kwa midomo bila sauti. Wakakamatana mikono.

Rahma aliweka viganja mdomoni. Alipiga mmoja mrefu, na sauti ikatetemeka, kisha kabla hajafika mwisho wa kile kimya, hofu ikamsukuma, akapiga ile miwili haraka haraka. Alijua amekosea kabla jabali halijarudisha. Hakuna kitu. Perere akalia tena, karibu zaidi. Yudith akamminya mkono.

Akafumba macho. Alikitafuta kile kidole juu ya ubao. Akapiga mrefu, kutoka tumboni, ukaenda ukaisha. Akanyamaza. Alinieleza kwamba katika kimya kile aliona shimo, aliona jabali, aliona kanga yake inaelea kwenye maji meusi, na kila alichokiona kilimwambia piga, piga sasa, naye akameza. Alipoona amekawia kabisa, akapiga miwili mifupi.

Kukawa kimya.

Kisha ikaja, ndogo, imechoka, mahali fulani chini upande wa kulia: hu, hu.

Mwanamke mmoja aliruka. Rahma akamzuia kwa kifua, akapiga tena, taratibu, na jibu likaja tena palepale. Mtoto haendi, anayetafuta ndiye huenda. Wakashuka kwa kushikana, fito mbele, wanazunguka shimo moja, wanazunguka la pili, mlio na jibu, mlio na jibu, mpaka wakafika kwenye mti wa mshai wenye mizizi mikubwa iliyosimama kama kuta. Ndani ya mizizi ile, amejikunja na kanga juu ya kichwa, midomo imekuwa ya bluu, alikuwemo Husna.

"Mama," alisema, meno yanagongana. "Umejua mlio."

Rahma akamzoa. Hakumgombeza. Akamtia ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi, na Yudith akawafunika wote wawili kwa mwili wake mnene, analia na kucheka. "Wewe mtoto, tumekuita mpaka jabali limeota koo! Husikii?"

"Nilisikia. Bibi amesema msituni nisiitike jina." Halafu akasema, "Lakini yule mwingine hakuchoka. Nyinyi mlinyamaza, yeye akaendelea."

"Mwingine nani?"

"Kule juu. Alikuwa ananiita Husna, Husna, polepole. Alinyamaza mama alipopiga mlio."

Rahma akamwangalia Yudith. Yudith akatikisa kichwa.

"Sisi tulikaa juu ya gogo, Rahma. Wote. Shahidi yangu ni Mungu, hakuna aliyefungua mdomo."

"Sauti ya nani, mwanangu?" Rahma aliuliza.

"Yako, mama," Husna alisema.

Kuni waliziacha palepale, hata kamba. Walishuka wakiwa wamemweka mtoto katikati, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Nyumbani Bi Mwajuma alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshika mwimo. Alimpokea mjukuu wake, akamsugua miguu kwa mafuta ya nazi yenye tangawizi, akamlisha uji wa moto kijiko kwa kijiko. Rahma alipiga magoti mbele yake akataka kusema, Bi Mwajuma akamkatiza: "Kalete kuni."

"Hakuna, mama. Tumeziacha."

"Basi vunja kile kigoda."

Wakakivunja, wakakichoma. Husna alilala kabla uji haujaisha, kijiko mdomoni. Bi Mwajuma alikwenda kitandani kwake, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na filimbi ya kifua chake ikaanza kwenda taratibu, kama ya mtu aliyelala.

Rahma akabaki macho. Alimlaza mtoto upande wa ukutani, mkono wake juu yake kama komeo. Nje ukungu ulikuwa unasugua bati. Perere mmoja alilia, mwingine akamjibu. Na katikati ya kilio na kilio, akasikia jina. Safari hii si la Husna.

"Rahma," ilisema, polepole, upande wa iliki. "Rahma, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya dada yangu, mama yake, tuliyemzika Lukozi.

Aliponiambia hivyo maharage yalinimwagika. Nikamuuliza, ukaitika? Akasema, "Mama mdogo, midomo ilifunguka. Sauti ile niliikosa siku nyingi." Lakini aliifunga. Akavuta kanga juu ya kichwa chake na cha Husna, kama mtoto alivyofanya ndani ya mizizi, na akapiga mlio wa nyumba kwa pumzi tu, usiovuka godoro. Mmoja mrefu. Akanyamaza, akameza. Miwili mifupi.

Upande wa pili wa ukuta, kidole kikavu kikagonga ubao wa kitanda: mara mbili.

Nje hakukuita mtu tena. Baada ya kitambo filimbi ya kifua cha Bi Mwajuma ikarudi, sasa kweli ya usingizi. Rahma akaisikiliza inavyopanda na kushuka, inapanda, inashuka, mkono wake ukalegea juu ya mtoto, naye akalala.